Mchanga Ameibwa

Mimi nauza mbuzi soko ya Kiritiri, na mbuzi zikiisha natangaza habari. Shule sikuingia, nilipitia nje nikichunga. Lakini simu iko, mdomo iko, na stesheni ya huku kwetu inapenda mtu ako karibu na mambo. Mshahara ni salamu. Kila Jumapili wananisalimia kwa hewa, mimi na mbuzi zangu.

Habari yangu ni moja: mto. Mto yetu haina maji juu, iko na mchanga, na maji iko chini ya mchanga. Mama yangu anachimba shimo, anakaa, anangoja, anachota na kikombe. Lori zikibeba mchanga, maji pia imeenda. Kwa hivyo lori ikiingia mtoni natangaza, kwa Kimbeere, lugha ya kwetu, na ile sauti ya kuuza mbuzi.

Siku moja mkubwa wa wale wanapakia mchanga kwa lori akanikuta sokoni. Huyo mtu ni mkubwa, akisimama mbele ya jua mbuzi zinalala zikidhani ni usiku. Akafungua beberu yangu mdomo, akaangalia meno, akaniambia pole pole, "Mzee wa redio, taja hiyo mto tena tukuzike hapo hapo. Mchanga tutakupea bure."

"Asante," nikamwambia.

Nikanyamaza. Wiki nzima nikawa mtu wa mbuzi tu. Mama akapiga simu.

"Wewe uko hai?"

"Niko, mama."

"Na mbona redio haijasema? Nimeshaambia watu wa kanisa watafute sufuria kubwa ya matanga."

"Walisema nikitangaza wataniua."

"Sasa ukinyamaza, nitajuaje kama hawajakuua?"

Hiyo swali niliifikiria mpaka beberu akakula kofia yangu yote.

"Shimo imefika wapi?" nikamuuliza.

"Nimechimba mpaka kiuno. Nimepata matope."

Watu husema waandishi wa habari wanasukumwa na ukweli. Labda. Mimi nilisukumwa na mama. Nikapiga stesheni. Mtangazaji wa Kimbeere alikuwa ameenda harusi, simu ikashikwa na msichana wa Kiswahili, na Kiswahili yangu ni ya kupunguza bei. Nikaogopa, nikasema tu: "Mchanga ameibwa Kiritiri! Amebebwa na lori, saa hii! Mama analia huko mtoni!"

Hiyo mto nimeitangaza mpaka redio imechoka, na hakuna askari amewahi kufika, hata wa kupotea njia. Hiyo siku walikuja wengi mpaka vumbi ikafunika Mlima Kenya. Wakaja na mbwa. Wakaja na daktari, na mama mmoja amebeba blanketi na chupa ya maziwa. Wakafunga barabara, wakashika lori zote zimejaa.

Afisa akaniita. "Mtoto ako wapi?"

"Mtoto gani, afande?"

"Mchanga! Si ni wewe umetangaza mchanga ameibwa?"

Nikamwonyesha lori. "Ndio huyu."

Akaangalia mchanga. Mbwa pia ikaangalia. Basi, kwa sababu walikuwa wameshafika, afisa akauliza dereva karatasi ya kubeba mchanga. Dereva akaanza kuongea Kiswahili mbaya kushinda yangu. Lori zikapelekwa kituoni. Yule mkubwa wa wapakiaji akaniangalia akiwa juu ya mzigo, akaniambia, "Mzee, tutaonana."

Stesheni wakaniambia nirekebishe. Msichana akanifundisha, nikasimama katikati ya mbuzi zote, zinikinge kama ukuta, nikasema kwa hewa: mchanga umeibwa, umebebwa, mto ni ule ule, na mimi niko Kiritiri. Askari hakukuja hata mmoja.

Simu ya mama ikaingia.

"Nimesikia mtu kwa redio. Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Alikuwa anaongea vizuri sana, nikajua wamekuua wakaweka mwingine. Kesho sema vibaya."