Picha za Kurudi

Kigali ukitaka kupiga picha ya kitu kilichotupwa, lazima uamke mapema. Wafagiaji wanaingia barabarani giza halijaisha vizuri, na jua likishatoka utakuta lami imenyooka, mtaro mtupu, hata jani la mti hulioni. Mume wangu alipogundua ninachokifanya alicheka mpaka akakohoa. "Yaani katika miji yote ya Afrika," akasema, "wewe umeuchagua huu kutafutia takataka?"

Nilimwambia ni mazoezi. Kiuno kinaniuma kwa kukaa na cherehani kutwa, nilisema, na picha ni za kunichangamsha njiani. Kiuno changu kilikuwa kizima kabisa. Nilichokuwa nacho ni woga, na sikuwa tayari kumwonyesha mtu yeyote, hata huyu ninayelala naye kitanda kimoja.

Baba yangu alikufa kipofu. Tuliishi Karagwe, upande wa Tanzania, ambako Wanyarwanda wengi wa umri wangu tulikulia, na kabla hatujajua kwamba macho yake yanaondoka, sisi tulijua tu kwamba baba kagombana na taa. Kila jioni ni malalamiko. Mafuta yamechanganywa na maji, utambi mbovu, kioo hakijasafishwa. Mama akanunua utambi mpya, akahama duka la mafuta, akasugua kioo mpaka kikampasukia mkononi, na baba bado anasema giza. Jamani, tuliteswa na ile taa. Tulipomfikisha hospitali tuliambiwa tumechelewa sana. Tukarudi naye nyumbani tumemshika mkono, na kuanzia siku ile hakuitaja taa tena.

Mimi ni fundi wa kushona. Nyumbani ni Kibagabaga, lakini chumba changu cha kazi kiko Kimisagara, katikati ya mafundi wa kila aina. Mwaka jana nilianza kugonga vitu. Bega kwenye fremu ya mlango, goti kwenye meza ya kukatia. Pikipiki zikaanza kunitokea ghafla upande wa kushoto, dereva ananipigia honi na kunitukana kwa Kinyarwanda safi, na mimi namrudishia, kwa sababu niliamini kosa ni lake. Sindano nilikuwa naitia uzi bila shida. Hilo ndilo nililojidanganya nalo: mtu anayetia uzi kwenye sindano atakuwaje anapofuka?

Halafu siku moja mteja alikuwa amesimama anapimwa gauni, nami nikasema, "Hii balbu nayo ina nini leo?" Yule dada akaangalia juu, akasema mbona inawaka vizuri tu. Niliisikia sauti ya baba ikitoka kinywani mwangu.

Mtu mwenye akili angekwenda hospitali kesho yake. Mimi nikaanza kupiga picha.

Nilijiwekea mtihani wangu mwenyewe. Alfajiri natoka, nashika njia ya kuelekea Ndera, nje ya mji, naangalia mbele tu, sigeuzi shingo. Kitu chochote nitakachokiona kando ya njia, nasimama, nakipiga picha. Hizo niliziita picha za kwenda. Nikifika pale lami inapokwisha nageuka, narudi na njia ileile, na safari hii natafuta kwa makusudi, nachungulia mtaroni, nageuza kichwa huku na huku. Chochote nilichokuwa nimekipita bila kukiona nakipiga picha pia. Hizo ni picha za kurudi. Nikifika nyumbani nakaa jikoni, nazilinganisha kwenye simu, na roho yangu iko juu juu kama ninasubiri majibu ya mtihani wa taifa.

Mwanzoni za kurudi zilikuwa chache, nikajipa moyo. Kandambili moja, si kitu. Mfuniko wa jerikeni, nani angeuona? Lakini zikawa zinaongezeka, na vitu vyenyewe vikawa vinakua. Mwavuli uliogeuzwa na mvua, mbavu nje. Jiko la mkaa lililopasuka tumbo. Siku moja ulikuwa mto mzima wa kochi, mwekundu, nilioupita karibu kiasi cha kuukanyaga. Nilirudi nikaukuta na nikaanza kulia palepale barabarani, mtu mzima, mbele ya mto wa kochi.

Na bado, nisiseme uongo, nilivipenda vile vitu. Hilo sikulitegemea. Kule zinakojengwa nyumba mpya niliokota kwa macho glavu ya fundi iliyokaukiwa na saruji, vidole vimekunjwa kama bado vimeshika nyundo. Nilikaa nayo muda mrefu kuliko mtihani ulivyohitaji. Nikawa nafikiri juu ya mkono uliotoka mle ndani, umekwenda wapi, umeshika nini sasa hivi. Zamani ningepita. Miaka yote ile ya macho mazima sikuwahi kusimama kuangalia glavu. Sasa kila kitu nilichokipiga picha nilikuwa na hakika nimekiona, hakuna wa kuninyang'anya, na jioni nikizipitisha picha zile moja moja nilipata utulivu ambao mchana kutwa sikuwa nao. Haukudumu. Nikifika kwenye picha za upande wa kushoto naanza kuzihesabu upya.

Asubuhi iliyonitoa kwenye ule mchezo ilikuwa ya ukungu, baada ya mvua ya usiku. Nilikuwa narudi, niko kwenye mteremko, nikaona gunia ukingoni mwa mtaro, kulia kwangu, upande uliokuwa kushoto nilipokuwa nakwenda. Wafagiaji hujaza majani kwenye magunia na kuyaacha yachukuliwe. Nikaguna, maana wakati wa kwenda sikuwa nimeliona, na ni kubwa. Nikainua simu, nikapiga picha.

Gunia likasimama.

"Mungu wangu," nilisema, kwa Kiswahili, kwa sababu nikiogopa Kinyarwanda kinanikimbia.

Alikuwa mfagiaji, mwanamke wa makamo, kitenge kichwani na ile fulana yao inayong'aa ameivua, kaishika mkononi. Alikuwa amekaa anapumzika. Kumbe na yeye alikulia kwenye Kiswahili, kule Bujumbura, na ndicho alichonijibu nacho.

"Mama, na mimi niko takataka?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaomba radhi, nikaomba tena, nikasema nilidhani ni gunia, na nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuharibu. Akanyoosha mkono, akataka kuiona hiyo picha. Akaiangalia kwa makini. "Ni kweli," akasema, "nafanana na gunia." Akacheka kidogo. Halafu akaacha kucheka.

"Lakini kila asubuhi ukipita kwenda mimi nakupungia mkono hapa. Tangu mvua zianze. Weye unapita tu. Nikasema, huyu mama iko na maringo."

"Sijawahi kukuona, dada," nikamwambia.

"Kila asubuhi, mama."

Aliniambia nitazame mbele, nisigeuke. Akaenda akasimama kushoto kwangu, akauliza kama nauona mkono wake. Siuoni. Akasogea mbele. Na sasa? Siuoni. Nilimsikia anavuta viatu kwenye mchanga uliolowa, hatua, kimya, hatua, na kila alipouliza nilijibu hapana, na sauti yangu ilikuwa inapungua. Alipojitokeza machoni mwangu alikuwa karibu yuko mbele yangu kabisa, mkono bado kauinua, na uso wake hauna mzaha.

"Enda hospitali," akasema. "Leo, mama. Usiende kazini."

Sijui kwa nini nilimtii yeye. Labda kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza kujua, na siri ikishajulikana na mtu mmoja haina tena kazi ya kufanya. Nilikwenda kliniki ya macho kama nilivyokuwa, na matope kwenye viatu. Wakanitia dawa ya kupanua mboni, wakanikalisha kwenye mashine, nikaambiwa nibonyeze kitufe kila nikiona taa ndogo. Kuna wakati nilikaa muda mrefu bila kubonyeza chochote, nikajua.

Daktari alikuwa kijana mpole. Aliuita ugonjwa kwa jina lake la kawaida, presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, alisema, ila kilichobaki tunaweza kukilinda kwa matone, kila siku, bila kukosa. Nikaitikia kwa kichwa. Nilishangaa jinsi nilivyotulia. Mwaka mzima nilikuwa naliogopa neno hilo, na sasa limetamkwa na mimi bado nimekaa kwenye kiti.

"Kwenu kuna mwingine mwenye tatizo hili?" akauliza.

"Baba."

Akaandika. "Una watoto?"

"Wawili."

"Walete," akasema, bila hata kuinua kichwa. "Unatembea kwenye familia. Kwa wadogo mara nyingine unakuja kimya kabisa, na wakipatikana mapema tunafanya mengi."

Utulivu wote ukanitoka. Mwaka mzima! Nilikuwa nimehesabu vitu vyangu barabarani, nikaomboleza macho yangu, nikamlinda mume wangu na huzuni yangu, na si mara moja, haki ya Mungu si mara moja, nilipojiuliza ile taa ya baba ingeweza kufifia kwa nani baada yangu. Daktari alisema wiki ijayo inatosha. Nilimwitikia, nikatoka nje, nikapanda pikipiki mpaka shuleni kwao.

Ilikuwa karibu mchana. Jua lilinichoma machoni kwa sababu ya ile dawa, nikaweka kiganja usoni. Mlinzi wa getini akaniuliza sababu ya kuwatoa watoto darasani, kwa adabu, ndiyo kazi yake. Wanaumwa? Kuna msiba?

"Baba yangu alikufa kipofu," nikamjibu, kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka, na wazazi wengine waliokuwa pale wakageuka. "Na mimi macho yangu yanakwenda. Nataka watoto wangu wakapimwe leo."

Alinitazama, akafungua geti, akamtuma mtu akawaite. Kumbe ndiyo maneno yenyewe niliyokuwa nayaficha mwaka mzima. Mume wangu alikuwa bado hajayasikia, na tayari nusu ya wazazi wa shule walikuwa wanayajua.

Kengele ya mapumziko ikalia na uwanja ukajaa. Kaptura na sketi zilezile, masweta ya buluu yaleyale, vichwa vyote vimenyolewa, wasichana kwa wavulana, kama ilivyo kwenye shule zetu. Mwanangu wa kwanza ni msichana. Nilimzaa, nilimnyonyesha, hilo sweta nimelishona kiwiko mwenyewe. Wasichana watatu wakajitenga na wenzao, wakawa wanakuja upande wangu, na mimi nikawa nawatazama mmoja mmoja, natafuta mwendo, natafuta shingo, natafuta chochote cha kumtambulia wangu. Nikajiambia ni dawa waliyonitia.

Nikainua mkono nikawapungia wote watatu, natabasamu. Mmoja akaanza kukimbia. Alikuwa ameshanifikia, karibu anishike, aliposema, "Mama, kuna nini?" Hapo ndipo nilipojua ni yeye.