Akiru, aliyesema "Nitwike" pale bombani Kakuma

Nimeandika nikafuta, nikaandika tena. Akili inakataa. Dada yetu Akiru ametutoka jana asubuhi, hospitalini Lodwar, na mimi bado nimeishika hii simu nikingoja mtu aniambie ni uongo.

Wengi wenu hamkumjua. Hakuwa mhubiri, hakuwa wa kwaya, hata maikrofoni hakuwahi kushika. Alikuwa mama wa chai kanisani kwetu Kakuma, miaka ya tisini, wakati mimi Wafula nilikuwa kijana kutoka Kitale, kazi yangu kufungua na kufunga bomba la maji kwenye kambi ya wakimbizi.

Jumapili moja pasta alifundisha juu ya karama. Akasema kila mtu asimame kwa karama yake. Wa unabii wakasimama. Wa kunena kwa lugha wakasimama, kelele mpaka barabarani. Akiru akabaki kwenye benchi na birika lake.

"Na wewe, dada?" pasta akauliza.

"Mimi hapana jua kuhubiri, pasta. Mimi naona tu mtu iko na mzigo, nasaidia yeye."

Watu wakacheka. Pasta akasema hiyo ni tabia nzuri tu, akarudi kwa manabii wake.

Wiki hiyo hiyo ndiyo nilidhani nitakufa.

Ukame ulikuwa umekaza. Wafugaji wenyeji wa upande wa Nakalale walikuwa wameshuka na mbuzi waliobaki mifupa, wakafika mpaka bombani kwangu. Na akina mama wakimbizi walikuwa kwenye foleni tangu alfajiri. Jua la Kakuma halina huruma na mtu, si mwenyeji si mgeni.

Presha ya maji ikaanza kushuka. Nikaripoti kwa redio. Boss akajibu, "Funga tap, rudi base, over."

Rudi base kupitia wapi? Mbele yangu akina mama na majerikeni, nyuma yangu vijana wa mifugo na fimbo. Mimi katikati na spana mkononi, bomba nimelifunga.

Kijana mmoja mrefu, ambaye baadaye nilijua anaitwa Ekai, akaisukuma kwa fimbo jerikeni ya Mama Achol, Msudani aliyekuwa na mtoto mgongoni. Ikaanguka. Mchanga ukayanywa yale maji papo hapo.

"Walai mimi hapana toka hapa!" Achol akapiga kelele. "Mtoto yangu nakufa na kiu!"

"Hata mbuzi yangu nakufa!" Ekai akajibu. "Hii nchi ni ya nani?"

Nikaona vijana wa Kisudani wanakuja mbio na panga na vyuma. Wenzake Ekai wakainua fimbo. Nawaambia ukweli, niliogopa. Wenye unabii wa Jumapili walikuwepo pale foleni. Walifumba macho wakaomba kwa sauti kubwa, na hakuna aliyewasikia.

Akiru alikuwa amekuja kuchota maji ya chai ya kanisa, na jerikeni yake ilikuwa tayari imejaa. Akaiburuta mpaka katikati ya zile pande mbili. Akakunja leso ikawa ngata, akaiweka kichwani, akapiga goti mbele ya Ekai.

"Ejok," akamsalimia. "Nitwike."

Kama hujaishi kule: jerikeni iliyojaa huwezi kujitwika mwenyewe. Mwanamke akisema nitwike, aliye karibu anamtwika, hata kama jana mligombana. Kukataa ni aibu. Lakini kumwambia mwanamume, tena aliyeinua fimbo? Woi! Nikajua huyu amekwisha.

Ekai akamwangalia vibaya. "Mimi si mwanamke."

"Nani alisema wewe ni mwanamke? Nilisema nitwike. Wewe shika huku. Mama Achol, kuja, shika ile upande."



Mtu hawezi kutwika na fimbo mkononi. Ekai akaiweka chini. Achol akaja akilia kwa hasira, akashika upande wake, wakainua pamoja.

Akiru akasimama na mzigo wake, lakini hakuondoka. "Brother Wafula, sasa jaza ya mama hii. Na huyu atatwika yeye. Si ni yeye alimwaga?"

Nikafungua bomba. Redio ikaniita, nikaiacha iite.

Ekai akamtwika Achol. Mama aliyefuata naye akasema nitwike, mtu akacheka, na panga zikaanza kushuka. Akina mama wakawaachia mbuzi maji kidogo kwenye karai. Hayakutosha, jamani. Wengine walirudi na jerikeni tupu wakilia. Lakini hakuna aliyezikwa siku ile.

Nilimuuliza baadaye kwa nini hakuwahubiria tu.

"Brother, mtu nakasirika, masikio nafunga. Mkono bado iko wazi." Kisha akakaa chini ghafla. Kumbe alikuwa ameogopa kama mimi!

Jumapili pasta akamwita mbele, akasema hadharani kwamba kusaidia nako ni karama ya Roho, na kwamba kanisa lilikuwa limeikalia kimya. Akiru akamwambia chai inapoa.

Leo asubuhi Ekai amenipigia. Sasa ni mzee, ana wajukuu. "Wafula, jeneza mbele nashika mimi. Mimi ndio ilimtwika ile siku."

Achol alisharudi kwao Juba. Amenitumia voice note, kilio kitupu, na mwishoni neno moja tu: "Mwambie mtu ashike upande yangu."

Nitaushika mimi, Mama Achol.

Akiru, dada yangu, umetwika watu maisha yako yote. Ijumaa, Lodwar, Ekai huku na mimi huku, tutakushusha polepole. Yesu mwenyewe akutue. Lala sasa, dada, shingo ipumzike.