Nilinyunyizia Zulia Dawa ya Kahawa, Nikaacha Jirani Aitwe Mlozi

Walisema sitapata hata mkeka. Siku tunaondoka Bukavu kurudi Rwanda, baba yangu mdogo alinicheka mbele ya ndugu wote: "Weye na hiyo diplome yako, kule utalala chini kwa udongo!" Wakaangua kicheko. Mimi nikaapa moyoni.

Basi nilipata, na zaidi ya mkeka! Nilipata kazi ya kufundisha wakulima wa kahawa, na mtaani wakaniita Agronomi, yaani bwana shamba. Nilijenga nyumba ya matofali Kamembe kwa jasho langu mwenyewe. Na sebuleni nikatandika zulia jekundu lenye pindo za nyuzi nyeupe. Mtaani kwetu halikuwako jingine.

Lakini zulia hilohilo nusura liniulie mtoto. Na kwa sababu yake nilimtendea jirani yangu jambo ambalo mpaka leo likinijia nasimama pale nilipo. Jina langu sitalitaja. Kosa ni langu, si la mtu mwingine.

Mwanzoni nililitunza vizuri, hilo naweza kujisifu. Hakuna aliyelikanyaga na viatu. Wageni walivua mlangoni, hata wale ambao soksi zao zilikuwa zimetoboka, na nilifurahi kuwaona wakificha vidole! Kila Jumamosi mimi na mke wangu, Maman Baraka, tulilitoa nje, tukalitundika kwenye ua, tukalipiga fimbo mpaka vumbi likaisha. Likipata doa tulilisugua kwa brashi na maji ya sabuni, tukalianika juani.

Kisha ikaja mvua ile isiyokatika. Jua likapotea. Zulia likawa na unyevu chini, likaanza kunuka, na viroboto wakaingia. Siku moja pasta alikuja kutuombea, na katikati ya maombi akawa anajikuna mguu. Alipomaliza akaniuliza taratibu, akilionyesha zulia kwa kidole, "Agronomi, hii tapi yako inauma bantu?"

Waumini aliokuja nao walicheka! Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Mke wangu akasema, "Papa Baraka, tulikunje, tuliweke kule nyuma mpaka jua itoke. Sakafu ya simenti iko muzuri."

Nikamwambia, "Wageni wa kazini wanakuja Jumapili. Nitawaketisha kwenye simenti?"

Jumamosi hiyo alipokwenda mazoezi ya kwaya na mtoto mgongoni, nilichukua chupa ya dawa ya kuulia wadudu wa kahawa. Mimi! Mimi niliyekuwa nikisimama mbele ya wakulima wa Butare na kuwakaripia: dawa hii msiingize ndani, msiiweke karibu na watoto, mkiishika naweni! Nilijiambia kwamba hayo ni ya watu wasiosoma. Nikaichanganya na maji kwa kukadiria, nikanyunyiza zulia lote mpaka likalowa. Nilifungua madirisha. Mvua ikapiga, nikayafunga. Mke wangu aliporudi akasema nyumba inanuka. Nikamwambia ni sabuni mpya.

Jumapili wageni walikaa, wakasifu, hakuna aliyejikuna. Nilijiona mfalme. Walipoondoka, Baraka, ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili, alilala kifudifudi juu ya zulia akinyonya zile nyuzi za pindo. Nilimwona. Mungu wangu, nilimwona na nikatabasamu!

Asubuhi yake mate yalikuwa yakimtoka mtoto kama maji ya bomba. Alikuwa anatapika, jasho linamtiririka, na mboni za macho yake zilikuwa zimesinyaa hadi kuwa kama tundu la sindano. Nilijua. Sikuhitaji daktari kuniambia. Dalili hizo nilikuwa nimezifundisha mwenyewe, ubaoni, kwa chaki!

Tulikimbia naye hospitali. Muuguzi akauliza, "Nyumbani kuna dawa ya wadudu? Dawa ya panya? Amegusa nini?"

Kinywa changu kikajibu kabla yangu: "Hapana. Hakuna."

Mnaniuliza kwa nini? Niliogopa. Niliogopa mke wangu, niliogopa kazi yangu, niliogopa kuitwa mtu aliyemtilia mwanawe sumu. Na pale pale mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja nasi, akanifungulia mlango wa kutorokea. Alipiga makofi, akalia: "Ni ule mwanamuke wa Bukavu! Asubuhi si alimuletea mutoto bui?"

Alimsema Maman Feza, mjane aliyekimbia vita ng'ambo ya mto, Kongo, akapanga chumba kimoja nyuma ya ukuta wetu na kuuza mboga. Alimpenda Baraka. Kila asubuhi alimletea kikombe cha uji, bui kama wanavyosema kwetu. Na mjue, miaka ile ya vita vya Kongo watu wa huku waliogopa sumu kuliko risasi. Mtu akiugua ghafla, swali la kwanza lilikuwa: amekula kwa nani?

Mimi nilinyamaza. Ndilo kosa langu, nilaumuni mtakavyo.

Walinituma nyumbani kuchukua blanketi. Maneno ya mama mkwe yalikuwa yamefika mtaani kabla yangu: nilikuta watu wamejaa mlangoni kwa Maman Feza. Sufuria yake ilikuwa imetupwa kwenye matope. Nyumbakumi, mkubwa wa nyumba zetu kumi, alikuwa ameshika bakuli lenye uji uliobaki.

"Kunywa!" wakamwambia. "Kama hauko mulozi, kunywa!"

Akanywa wote. Akafuta mdomo kwa kitenge, akanigeukia mimi. "Papa Baraka, weye njo muntu wa kusoma hapa. Ubaambie. Uniteteye."

Wote wakanitazama. Nikasema, "Tungoje daktari."

Maneno mawili tu! Yaliwatosha. Kijana mmoja akapaza sauti, "Munaona? Hata Agronomi anamuogopa! Arudi kwabo!" Nyumbakumi akaamua apelekwe mpakani Rusizi ya Pili, avushwe daraja. Na asubuhi hiyo milio ya bunduki ilikuwa ikisikika kutoka ng'ambo. Kila mtu pale aliisikia.

Nilichukua blanketi nikaondoka. Ndiyo, nilichukua blanketi nikaondoka!

Hospitalini Baraka alikuwa amezidiwa. Misuli ya mashavu ilikuwa inachezacheza yenyewe, kifua kinakoroma kama kimejaa maji. Walikuwa wanamtibu malaria! Mama mkwe akaninong'oneza tumtoe, tumpeleke kwa mganga wa kienyeji anayetapisha sumu. Mke wangu alikuwa ameshaanza kumfunga mgongoni. Niliuona mguu wa mwanangu ukining'inia kwenye kitenge, umelegea, na hofu zote nilizokuwa nazo zikaonekana upuuzi mbele ya ule mguu.

Nikamshika muuguzi mkono. "Ni dawa ya kahawa. Nilinyunyiza kwenye zulia. Mimi."

Hakunitukana. Aliniuliza neno moja huku anakimbia kumwita daktari: "Ulikuwa unangoja nini?"

Wakamvua nguo zote, wakamwogesha kwa sabuni, wakamchoma sindano, kisha nyingine, kisha nyingine. Mke wangu alinitazama kana kwamba mimi ni mtu aliyeingia kwake kwa kuvunja mlango. Nikawaambia pia kwamba Maman Feza anapelekwa mpakani. Mama mkwe akanishika kola. "Na ule mama? Ulibaacha bamupeleke?"

Nilitoka mbio. Nilipanda baiskeli ya kubeba abiria, nikamwambia mwendeshaji aende kama anafukuzwa. Njia nzima niliomba vitu viwili, na nilikuwa naogopa kwamba Mungu atanipa kimoja tu.

Niliwakuta wameshateremka karibu na daraja. Maman Feza alikuwa amebeba godoro lake kichwani, watu wanamfuata nyuma kama msiba. Nikaruka kabla baiskeli haijasimama, nikaanguka kwenye tope jekundu, nikainuka nikisema:

"Mwacheni! Mtoto amekula dawa yangu. Mimi ndiye niliyeitia kwenye zulia!"

Nyumbakumi akauliza, "Agronomi, unasema nini?"

Nikarudia. Nikarudia kwa sauti kubwa, mpaka askari wa mpakani wakageuka. Kijana yule akacheka: "Kumbe mulozi iko na diplome!" Wengine wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wakiangalia chini.

Nilitaka kupiga magoti. Maman Feza hakunipa nafasi. Alishusha godoro, akapumua, akauliza, "Mutoto iko muzima?"

"Sijui, Maman. Nimemwacha anachomwa sindano."

Akanisogezea godoro. Kisha akasema, "Basi ubebe godoro, turudie."

Nikalibeba. Nililibeba kichwani kutoka mpakani hadi Kamembe, nikipita mbele ya maduka, mbele ya wakulima niliowafundisha, tope limenijaa mpaka kwenye nywele. Hakuna aliyenisaidia, na sikuomba.

Baraka alipona. Mtaani sikuitwa tena Agronomi. Mke wangu alichukua muda mrefu kabla ya kuniachia mtoto peke yangu chumbani. Hata leo mwanangu akikohoa tu, naamka nimelowa jasho.

Na Maman Feza? Alibaki. Baraka alipopata nguvu alivuka mwenyewe hadi mlangoni kwake, akadai uji. Alimpa. Lakini tangu siku ile, nikiwa karibu, mama yule huinua kikombe kwanza, anakunywa yeye mbele ya macho yangu, nione amemeza, ndipo anampa mtoto. Nimemsihi aache. Anakunywa tu, ananitazama.

Ndugu msomaji, zulia lenye viroboto litoe nje, lipige, lisugue kwa sabuni, lingoje jua hata kama litachelewa, na wageni wakae kwenye simenti! Dawa ya shamba iache shambani. Usijiambie kwamba wewe umesoma. Na kama umeshakosea, ukaulizwa nyumbani kuna nini, sema. Sema papo hapo, kabla jirani yako hajaanza kufunga godoro lake!