Soksi ya Bati ya Mnazi

Siku moja Mkaguzi Mkuu wa usalama wa ndege alipanda milima ya Usambara mpaka Gare, akaingia kwenye shamba la viazi na viatu vyake vya ngozi, akamsihi mtu aliyeshika jembe amrushe kwa ndege.

Yule mwenye jembe alikuwa rubani. Leseni yake ilikuwa imechukuliwa na Mkaguzi huyohuyo, kwa maelezo kwamba ni mtu wa hatari angani.

Nilikuwepo. Nilisimama kwenye tuta la viazi nikijifanya naangalia mawingu.

Wajukuu wameniambia, babu, hii iweke mtandaoni, kule kijiweni umeshawachosha watu. Haya, nimeiweka. Asiyeamini asiamini, sitamdai nauli.

Naitwa Kristofa. Miaka ile Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika juzijuzi, tumegawana kila kitu mpaka vijiko. Mimi na wenzangu wachache tulirusha ndege ndogo za serikali pale Tanga. Tulibeba dawa, tulibeba wagonjwa, na msimu wa mtama tulibeba sumu ya kwelea kwelea.

Nchi ikaunda ofisi yake mpya ya kulinda usalama wa anga. Jina lake rasmi lilikuwa refu, halikuenea kwenye mlango. Sisi tuliiita Ofisi, inatosha.

Ofisi ilitujali sana. Ilitujali kiasi kwamba ukiripoti ndege ina kasoro, unapimwa wewe.

Mwenzetu Idd aliripoti kwamba breki ya kushoto imelegea. Wakampeleka Dar es Salaam kupimwa macho. Macho yakaonekana mazima, Idd akarudi Tanga na cheti, akaikuta breki ileile inamsubiri.

Toka hapo mtu wa Ofisi akikuuliza ndege ikoje, jibu lilikuwa moja: "Nzuri sana, mzee." Kasoro za kweli tuliambiana wenyewe kwenye chai, kwa sauti ya chini.

Mkaguzi Mkuu wa kanda yetu alikuwa Bwana Eliudi. Mtu mzima, msafi, kalamu tatu mfukoni. Viwanja vyote alivikagua kwa Landrova. Ndege alizikagua kwa kuzizunguka, anagonga bati kwa kidole, anatikisa kichwa, anaondoka.

Hakuna aliyewahi kumwona ndani ya ndege. Tulidhani ni unyenyekevu.

Sasa twende Mnazi.

Mnazi iko chini kabisa, nyuma ya milima, upande wa nyika, ingawa bado ni wilaya ya Lushoto. Kiwanja chake kilikuwa njia moja ya vumbi. Mwisho mmoja umetazama mlima, mwisho wa pili una korongo.

Kwa asiyejua ndege: unatua ukiuelekea upepo, ili ukushike. Ukitua upepo ukiwa mgongoni, unakusukuma, na njia inakwisha kabla hujasimama. Pale Mnazi njia ikikwisha upande wa nyika, unaingia korongoni.

Kwa hiyo kila kiwanja kina soksi ya upepo. Ni mfuko wa kitambaa juu ya mlingoti. Upepo ukivuma, mfuko unajaa, mkia wake unaonyesha upepo unakoelekea. Hata mtoto anaelewa.

Tatizo, miaka ile nguo zilikuwa adimu. Soksi ya Mnazi ilikuwa kitambaa kizuri cha marekani, cha mistari myekundu na myeupe. Ikipandishwa Jumatatu, Jumapili unaiona kanisani, imekuwa gauni la mtoto.

Ofisi ikapandisha nyingine. Nayo ikaenda kanisani.

Ya tatu ilidumu mpaka alipokuja mkubwa mmoja wa mkoa kutembelea kijiji cha ujamaa. Siku hiyo upepo haukuvuma. Soksi ikaning'inia, imelala kabisa, mbele ya mpiga picha. Bwana Eliudi akaona ni aibu ya taifa.

Akaja na ufumbuzi. Akaagiza soksi ya bati.

Sitanii. Fundi mmoja wa Muheza aliikunja, akaichomelea, akaipaka mistari myekundu na myeupe, ikafungwa juu ya mlingoti kwa boliti. Haiibiwi, hailali, haigeuki. Mkia wake ulielekezwa mlimani kwa sababu upande huo ndio picha hutoka vizuri.

Kwa mujibu wa soksi hiyo, upepo wa Mnazi utatoka nyikani kuelekea mlimani, usiku na mchana, masika na kiangazi, mpaka Yesu arudi.

Ukatoka waraka: marubani wote watatua kwa kufuata soksi iliyoidhinishwa.

Tulisoma, tukasema ndiyo mzee, tukaendelea kuangalia moshi wa jikoni. Moshi haujawahi kupokea waraka.

Mpaka siku ya Kornelio.

Kornelio ndiye aliyenifundisha kazi. Mtoto wa Gare, mpole, anasali rozari kabla ya kuwasha injini. Siku hiyo alitumwa Mnazi kumchukua mama mmoja, Zainabu, uchungu siku ya pili na mtoto hatoki. Upepo ulikuwa unashuka kutoka mlimani, mkali. Kornelio akatua akiuelekea mlima, kama inavyotakiwa na akili.

Zainabu akafika hospitali, akajifungua salama. Mtoto alikuwa wa kike, vinginevyo angeitwa Kornelio.

Lakini juu ya mlingoti siku hiyo kulikuwa na kijana wa Ofisi, ametumwa kuipaka soksi rangi upya. Akaona kila kitu.

Kornelio akaitwa kujieleza, nami nikaitwa kama mwenzake wa zamu.

"Ndugu Kornelio," Bwana Eliudi akauliza, "soksi ilisema upepo unatoka wapi?"

"Nyikani, mzee. Lakini upepo wenyewe ulikuwa unatoka mlimani."

"Sijakuuliza upepo."

Leseni ikachukuliwa palepale. Sababu: mtu hatari, anajiamulia.

Iliniuma sana. Mtu aliyerusha ndege toka wakati wakoloni wanafunga mizigo, anarudi Gare kulima viazi kwa mkewe Marta, na watoto wanaulizwa shuleni kama ni kweli baba yao alikuwa amelewa.

Sisi tuliobaki hatukugoma. Kugoma ilikuwa kosa. Ila hali ya hewa ya Mnazi ikawa mbaya ghafla. Kila tukipangiwa safari, kuna mawingu. Kiangazi chote kule jua linapasua ardhi, sisi Tanga tunaona mawingu.

Wagonjwa wa Mnazi wakawa wanapelekwa kwa trekta la shamba la mkonge. Hapo hatukucheka.

Ndipo ikaja siku ya uzinduzi. Wakubwa waliamua kiwanja cha Mnazi kizinduliwe rasmi, pamoja na soksi yake ya kisasa. Mgeni rasmi wa kutoka Dar es Salaam akatangulia, akalala kwa meneja wa mkonge. Usiku huo mvua ikanyesha, daraja la njia ya Mnazi likaenda na maji.

Landrova ya Bwana Eliudi ikawa haina njia. Imebaki siku moja kabla ya sherehe, na yeye ndiye msoma risala. Asipofika, kazi hana.

Akaja uwanja wa Tanga asubuhi na mapema. Nilikuwa nafuta kioo cha ndege.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Kristofa. Kesho utanipeleka Mnazi."

Nikasema vizuri. Akazunguka ndege. Akagonga bati kwa kidole. Akazunguka tena.

"Kristofa, wewe ukitua Mnazi unafuata nini?"

Nikasimama wima kama mwanajeshi wa kujenga taifa.

"Soksi, mzee. Waraka wako ninao kichwani."

"Ndiyo. Vizuri." Akagonga bati tena. "Na kama, kwa mfano tu, upepo unatoka upande mwingine?"

"Upepo siuangalii, mzee. Sijaulizwa upepo."

Akanitazama. Nikamtazama. Kule mbali Idd aligeukia ukuta, mabega yanamtikisika.

"Idd naye?"

"Idd ndiye mfuasi mkubwa wa soksi, mzee. Macho yake yana cheti."

Bwana Eliudi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akauliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Kornelio anakaa wapi siku hizi?"

Tukaingia kwenye Landrova, tukapita Muheza, Korogwe na Mombo, tukapanda mlima.  Njia nzima Bwana Eliudi alikuwa amekumbatia mkoba wake.

Gare tulimkuta Kornelio shambani na Marta. Tukasalimiana. Bwana Eliudi akasifu viazi. Akasifu hewa. Akasifu ng'ombe wa jirani. Vilipokwisha vya kusifia, akasema shida yake.

Kornelio akaegemea jembe.

"Mzee, mimi ni mtu hatari. Umesema mwenyewe mbele ya watu."

"Hayo ni mambo ya kiofisi, mdogo wangu."

Marta akasimama wima. Kwanza akamsemesha mumewe Kishambaa, maneno machache, nami niliyaelewa ila siyaandiki hapa. Kisha akamgeukia mgeni kwa Kiswahili.

"Shikamoo baba. Nauliza tu. Tanga kuna marubani wazuri wanaotii sheria yako. Mbona hutaki kupanda na hao?"

Nikainua macho juu. Mawingu ya Gare siku hiyo yalikuwa mazuri ajabu.

Bwana Eliudi alisimama pale na matope mpaka kwenye vifundo, kalamu tatu mfukoni. Nikaona anaubana mkoba kifuani kama mtoto. Nilikuwa nimekuja kucheka, kicheko kikanikauka. Mtu huyu alikuwa anaogopa kufa, na aliyekuwa amemwandalia kifo hicho ni yeye mwenyewe.

"Mama," akasema, "nina watoto."

"Na Zainabu alikuwa nao," Kornelio akajibu taratibu. "Leseni yangu iko wapi?"

Bwana Eliudi akafungua mkoba. Leseni ilikuwa ndani. Alikuja nayo toka Tanga. Akaisaini upya juu ya debe la viazi lililogeuzwa.

"Bado moja," Kornelio akasema. "Soksi ishushwe, au waraka ufutwe, wenzangu warudi Mnazi."

"Soksi haishuki. Mgeni rasmi ameshaandikiwa aizindue. Na waraka nimeusaini mimi, nikiufuta nitaulizwa kwa nini niliuandika." Akafikiri. "Ila sitatuma tena mtu wa kupaka rangi."

Yaani mwenye macho haambiwi tazama. Tueni mnavyojua, hakuna atakayekuwa juu ya mlingoti. Kornelio akamtazama Marta. Marta akachukua jembe la mumewe, akalibeba yeye.

Tulishuka naye Tanga, na kesho yake tuliruka. Kornelio usukani, mimi pembeni yake, Bwana Eliudi nyuma, kafunga mkanda mpaka anapumua kwa shida. Tulipovuka ukingo wa milima, nyika ikafunguka, Mnazi ikaonekana. Soksi ya bati inang'aa, mkia mlimani, imara. Chini yake akina mama wanapika pilau ya mgeni, na moshi wa masufuria yao umelala moja kwa moja kuelekea korongoni.

Upepo wa mlimani, tena wenye nguvu.

"Kornelio," ikatoka sauti nyuma, "unauona moshi?"

"Mzee, mimi natazama soksi."

"Mdogo wangu, usinitanie."

"Sheria ni sheria, mzee."

"Achana na hiyo soksi," Bwana Eliudi akasema, na sauti ikampasuka. "Nakuomba kwa jina la Mungu, usiifuate ile soksi."

Kornelio hakucheka. Akazungusha ndege upande wa nyika, akauelekea mlima, akatuteremsha polepole, magurudumu yakagusa vumbi kama mtu anayelaza mtoto.

Nusu saa baadaye Bwana Eliudi alisimama chini ya mlingoti akasoma risala. Akaeleza jinsi soksi ya kisasa ilivyoondoa hali ya kila rubani kujiamulia. Upepo ulikuwa unamletea moshi wa pilau usoni, kutoka upande ambao soksi yake ilisema hautoki upepo. Akakohoa mara nyingi. Watu wakapiga makofi.

Mgeni rasmi akakata utepe.

Wiki ile tulirudi Mnazi wote. Mawingu yaliondoka ghafla kama yalivyokuja, na trekta likarudi kwenye mkonge.

Sasa mtasema mwisho mwema. Ngojeni.

Mwezi uliofuata Kornelio alipokea barua kutoka Ofisi. Onyo kali, kwa kutua Mnazi kinyume cha soksi iliyoidhinishwa, huku akiwa na abiria mwandamizi ndani ya ndege. Shahidi: abiria mwandamizi. Saini: Eliudi.

Nilitaka nimfuate nimwambie neno. Kornelio akanishika mkono.

"Mwache. Soma mwisho wake."

Mwisho wake ulisema kwamba mwakani, kwenye maadhimisho ya uzinduzi, abiria huyo atasafiri tena, na rubani awe huyohuyo.

Ikawa hivyo kila mwaka mpaka Bwana Eliudi alipostaafu. Safari moja, onyo moja. Marta aliyatundika maonyo yote sebuleni Gare, pembeni ya picha ya Bikira Maria. Mgeni akiuliza, anamwambia kila karatasi pale ni siku moja ambayo mkubwa yule alirudi kwa watoto wake akiwa mzima.

Funzo, kwa mnaopenda funzo: ukitaka kujua kama mpishi anakiamini chakula chake, usimuulize. Ngoja ashikwe na njaa, uone anakwenda kula kwa nani.