Chumba cha Mwali, Kinole

Simu ya dada yangu Zaina ilinikuta kwenye cherehani yangu, Morogoro mjini. Binti yake Rehema alikuwa ndani tangu amalize shule, anafundwa, na Jumamosi angetolewa kwa ngoma. "Njoo na kanga mpya," alisema, "na dawa ya kifua. Mwali anakohoa, haachi." Nilifunga safari.

Mkuyuni niliacha gari, nikapanda bodaboda. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Karibu na Kinole njia iliteleza, tukashuka tukasukuma pikipiki, na hapo nikasikia msichana akikohoa nyuma ya ukuta. Nyumba mbili kimya, kisha msichana mwingine akakohoa. Barazani wazazi wanachambua pilipili manga, wazima kabisa. Anayekohoa ni binti tu.

"Ni waliotolewa mwaka jana na juzi," dereva alininong'oneza. "Wanasema mizimu inafuata wanawali."

Nilijitanda kanga kichwani, nikamhimiza tusukume haraka.

Nyumbani kwa Zaina dirisha la mwali lilizibwa kwa gunia, asionekane. Niliingia gizani nikiwa sioni mtu, nikaamkia nikijua kungwi yumo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Ilikuwa sauti ya Bibi Tatu, kungwi wa kijiji kizima. Alikohoa, na Rehema akakohoa pembeni yake, kwenye mkeka wanaolalia pamoja.

"Bibi, kifua hicho tangu lini?"

"Ah, miaka. Baridi tu ya mlimani."

Nikaelewa, na hofu yangu ikazidi ile ya mizimu. Nilimvuta Zaina nje. "Hicho ni kifua kikuu. Mtoe mtoto leo."

"Kabla ya siku yake? Watu watanionaje?" Alilia sana. Halafu akaingia, akalichana gunia.

Asubuhi tulimtoa Rehema amefunikwa kanga. Bibi Tatu akatufuata na mkongojo wake. "Mwali haendi bila kungwi," alisema, akaanza wimbo wa kumtoa mwali, pumzi zikimkatika. Aliowafunda huwa lazima waitikie. Milango ikafunguka mmoja mmoja, wasichana wakatoka ukunguni, wakajipanga nyuma yetu, wakiimba na kukohoa mpaka kituo cha afya.

Nesi alisimama mlangoni, mkono mdomoni. "Wote hawa wametoka wapi?"

"Chumbani kwangu," Bibi Tatu akajibu.

Nilirudi mjini nikijua kuwa ugonjwa ule ulifuata mkeka wa mtu aliyependwa. Dawa ziliwawahi wasichana. Bibi Tatu zilimkuta amechoka. Nilipanda tena Kinole kumzika. Msibani wanawali wake wote walikaa pamoja, wakamlilia siku nzima. Hakuna aliyekohoa.