Moyo Umenichafuka

Mimi na hasira ni chanda na pete. Wanaonijua hapa Kirongwe wanalijua hilo. Kwa hiyo mchana ule mama aliponisema kwa ajili ya tui la pakiti, nilimjibu vibaya.

"Mafia hii," alisema, "nazi zinatudondokea vichwani, mwanangu ananunua tui la boksi? Subhanallah!"

"Basi usile," nikamwambia. Mama yangu mzazi! Alikula matonge mawili matatu, akanawa, akasema, "Moyo umenichafuka," akaingia chumbani kujilaza.

Sasa hapa kwetu neno hilo lina mambo. Moyo huchafuka kwa kuudhiwa, na moyo huchafuka kwa kutaka kutapika. Marehemu bibi, mzaa mama, akitaja kile kinachodunda kifuani alisema mtima. Moyo kwake ulikuwa chochote kilichomo baina ya koo na kitovu: njaa, huzuni, kichefuchefu, mapenzi. Nadhani ndiyo maana mpaka leo tumbo likivurugika tunausingizia moyo. Mimi siku ile nikaichukua ile maana ya kuudhiwa. Nikasema amenuna, tena ananitukania tui langu. Nikaosha vyombo kwa kelele, sufuria nikizigonganisha makusudi asikie, na sikwenda kumtazama.

Ikapita saa nzima. Kisha nafsi ikaanza kunisuta. Nina mama mwingine mimi? Nikaenda, nikasimama mlangoni. "Mama, niwie radhi."

"Radhi ya nini?" Sauti ilikuwa ndogo. "Si nimekwambia moyo umenichafuka?"

Kanga yake ilikuwa imelowa jasho, na mkono nilioushika ulikuwa wa baridi. Hakuwa amenuna hata kidogo. Nilipiga ukelele, jirani akaleta bajaji yake, tukashika njia ya Kilindoni, mimi nimempakata na kumsomea kila sura niliyoijua, nyingine nusu nusu.

Daktari alikuwa kijana wa bara. Alimwamkia shikamoo, akamuuliza anaumwa nini, na mama akajibu lile lile: moyo umenichafuka. Kijana akamwinamia kwa huruma. "Pole, mama. Nani kakuudhi?"

Mama akaninyooshea kidole. "Huyu. Lakini sikuja kwa hilo."

Nikamweleza tunavyosema sisi. Akacheka kidogo, akaanza kumpima, akaacha kucheka. Kumbe safari hii ulikuwa moyo wenyewe, mtima wa bibi.

"Umeanza lini kumchafuka?" aliniuliza.

"Alipomaliza kula," nikasema. "Saa nzima nilidhani amenuna."

Aliandika. Hakunilaumu, wallahi, ingawa nilistahili. Akamwita muuguzi wakaanza kazi, nami nikatolewa nje. Namwombea dua kijana yule mpaka leo, yeye na mwenye bajaji, kila nikiinuka kwenye mswala.

Siku ya tatu mama alikaa kitako, akaomba uji. Nikamnywesha huku nalia, kwa furaha na kwa aibu, nikimwomba tena msamaha kwa jibu langu lile. Akaniacha nimalize yote.

"Mshukuru Mungu ulikuwa na kosa," akasema. "Ungekuwa na haki, nikujuavyo mimi, usingeingia mle chumbani."