Kasha Lililopakwa Rangi

Ukifika Kibondo ukaingia kwenye yadi ya redio yetu ndogo, usijisumbue kuuliza vitu ni vya nani. Vyote vimeandikwa. Benchi la wageni limeandikwa MALI YA REDIO. Ndoo ya chooni imeandikwa. Jembe, ngazi, kiti cha mlinzi, hata jiwe linalozuia mlango usijifunge, vyote vina baka la rangi nyekundu na juu yake herufi nyeupe, na mwandishi wa yote hayo ni mtu mmoja, Marselino Nduwayezu, mtunza stoo. Watangazaji humtania kwamba ipo siku watasinzia mchana waamke wameandikwa usoni. Yeye hacheki. Husema tu, "Kitu kisicho na jina ni cha mpita njia," kisha hurudi stoo kwake.

Maneno hayo aliyarithi. Baba yake alivuka kutoka Burundi na sufuria moja na jembe moja, na vyote viwili vikapotea pale walipofikia, maana watu walikuwa wengi na sufuria zote zilifanana. Mzee yule akaapa kuwa hatamiliki tena kitu bila kukitia alama. Marselino alizaliwa huku huku, kijijini Kumsenga, akasoma huku, akaoa huku, na cheti cha uraia anacho kwenye sanduku lililoandikwa jina lake pande zote. Lakini mkono wake haujawahi kutulia mbele ya kitu kisichoandikwa. Wenzake walirithi mashamba, yeye alirithi brashi, na msimcheke, kwa sababu stoo yake haijawahi kuibiwa hata msumari.

Mkewe alikuwa Winifrida, tuliyemwita Mama Akimana. Huyo kila mtu alimjua, ingawa wengi hawakuwahi kumwona. Jumapili asubuhi alikuwa na kipindi chake cha akina mama pale redioni, nusu Kiha nusu Kiswahili, anafundisha kuhifadhi maharage, kunyonyesha, na namna ya kuishi na mawifi bila kugombana. Aliongea taratibu, kama mtu anayepeta mchele huku anakusimulia. Mwaka juzi presha ikamwondoa ghafla, na mji ukabaki na Jumapili ya muziki mtupu.

Nyumbani Marselino hakuwa na sauti yake hata chembe. Simu zao zilikuwa za tochi, hazikurekodi kitu. Picha alikuwa nazo, lakini picha haisemi. Sauti ya mkewe ilikuwa mahali pamoja tu duniani: ndani ya kasha la chuma la kompyuta kwenye chumba cha mitambo, ambamo redio ilitunza rekodi zake zote. Hakuwahi kuomba afunguliwe asikie. Alikuwa anaogopa, na nani angemlaumu? Kupita mlangoni asikie kasha linavuma kulimtosha. Alijua yumo.

Halafu kasha likaanza kukwaruza.

Meneja wetu, Bazilio, aliagiza kasha jipya kutoka Dar. Likaja kwa basi hadi Kasulu, likapanda gari jingine hadi Kibondo, likapokelewa na Marselino kwa mikono miwili. Bazilio alikuwa anajiandaa kwenda Kasulu na jenereta yetu, ambayo ilikuwa imekufa na fundi wake yuko huko. Alimwambia Marselino maneno ambayo mzee wa watu aliyashika kama sala. "Kasha la zamani lisizimwe, Marselino. Likizimwa haliwaki tena. Jumamosi anakuja fundi kutoka Kasulu aunganishe jipya, kila kitu kihamie humo. Wewe lilinde tu."

Kulinda, kwa Marselino, maana yake mnaijua. Alasiri ile ile alitoa brashi. Kadibodi yake ya zamani ya herufi, iliyotobolewa ili rangi ipite, ilikuwa imelegea kwa mvua, akaikata mpya kutoka kwenye boksi lililoleta kasha, maana lilikuwa gumu na zuri. Akapaka baka jekundu juu ya kasha, akapitisha herufi. Kisha akaligeuza akafanya vivyo hivyo chini yake, sehemu ambayo mwizi hakumbuki kukwangua. Chini kulikuwa na stika ndogo yenye maandishi. Hakuisoma. Ilikuwa laini, inapokea rangi vizuri, basi akaipaka.

Jumamosi fundi akaja. Alikuwa binti, Firdausi, ambaye kwao wana duka la simu karibu na soko la Kasulu, na yeye ndiye hutengeneza kompyuta za nusu ya ofisi za wilaya zetu hizi. Ushungi wake umebanwa vizuri, begi mgongoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mtu wako yuko huku ndani," Marselino alisema, naye alimaanisha kasha.

Firdausi aliliona lile jekundu na jeupe, akatabasamu. Akachomeka umeme, akachomeka waya wa mtandao, akafungua laptopu. Taa ya kasha jipya ikawaka. Marselino akavuta stuli iliyoandikwa akakaa, mikono mapajani, kama mtu aliye kwenye foleni ya daktari.

"Sasa linahamisha?"

"Bado, mzee. Hili ni geni. Kwenye mtandao kila mashine ina anwani yake, ndiyo zinajuana. Hili halijapewa. Kwa sasa limewaka tu, lakini hakuna anayejua lilipo, hata la zamani halilioni. Mimi kwanza nalipatia anwani, halafu ndiyo yaongee."

"Kama mgeni asiye na mwenyeji."

"Ndiyo hivyo hivyo. Na lenyewe, ili likubali, linataka kwanza nilitajie namba yake ya kiwandani. Ni kama nywila. Iko chini hapa."

Akaligeuza. Marselino aliuona uso wa binti ukibadilika kabla hajasema neno. Chini ya kasha palikuwa pekundu tupu, na MALI YA REDIO imekaa katikati kwa mwandiko safi.

"Mzee, hapa palikuwa na stika?"

"Ipo. Iko chini ya rangi."

Firdausi hakumfokea. Afadhali angemfokea. Alitoa wembe kwenye begi akaanza kukwangua pembeni, polepole, lakini rangi ya mafuta ya Marselino si rangi ya mchezo, imekaa kwenye ngazi miaka yote hiyo inanyeshewa. Marselino alitazama kidogo, akashindwa kuvumilia. Kama kuna jambo moja analolijua katika dunia hii ni rangi.

"Wembe utachana stika, mwanangu. Ngoja," akasema, akakimbilia stoo akarudi na thina ya kutolea rangi na kitambaa. Binti alikuwa ndiyo kwanza anafumbua mdomo, naye ameshapitisha. Mara moja tu. Rangi ilitoka, kweli kabisa, ikatoka kama alivyosema. Chini yake stika ikabaki nyeupe kama kucha. Wino wa namba ulikuwa umeondoka na rangi, upo kwenye kitambaa, doa la kijivu.

Wakakitazama kile kitambaa wote wawili.

"Boksi," Firdausi akasema baadaye. "Boksi lake lina namba ile ile ubavuni. Liko wapi?"

Marselino alitamani ardhi ipasuke. Alikwenda stoo akaleta kadibodi ya herufi. Na karatasi ya namba ilikuwepo, nyie, ilikuwepo pale pale imegandia! Ila herufi mbili za mwisho za REDIO zilikuwa zimekatwa kupita katikati yake. Mwanzo wa namba unasomeka, mwisho unasomeka, katikati kuna tundu. Vipande alivyovikata alivichoma kuchemshia chai.

Firdausi alibahatisha tarakimu za pale kwenye tundu, kasha likakataa. Akabahatisha tena, likakataa. Akapiga simu Dar. Muuzaji alikuwa mpole, lakini alisema kumbukumbu za mauzo ziko kwa mwenzake, na mwenzake harudi kazini hadi Jumatatu. Marselino akampigia Bazilio mwenyewe, akamwambia yote bila kujificha.

"Maji yakishamwagika hayazoleki," Bazilio akasema. "Ombeni tu umeme usikatike mpaka Jumatatu."

Sasa nikuulizeni, wenyeji wa Kibondo: msimu wa mvua, mawingu yamejaa upande wa Burundi tangu saa sita mchana, mtu anakwambia omba umeme usikatike. Marselino alitoka uani akatazama mbingu. Hakuwa na la kufanya. Mlango anaweza kuufunga, mwizi anaweza kumngoja na rungu, lakini wingu utalifanya nini? Akarudi ndani akasimama nyuma ya kiti cha Firdausi.

"Mwanangu, hiyo laptopu yako haiwezi kubeba?"

"Yote haiwezi, mzee, imejaa kazi za watu. Labda chache. Kuna unazozitaka?"

Mtu mzima, mvi kichwani, amesimama anavunjavunja vidole. Mwishowe akasema, "Za Mama Akimana. Za Jumapili." Na binti, ambaye kwao Kasulu walikuwa wanakisikia kipindi kile dukani, akaelewa, akainamisha kichwa.

Akafungua kasha la zamani kupitia laptopu. Na hapo ndipo tulipoumbuka sisi wa redio, tuliokuwa tukimcheka mzee kwa kuandika ndoo. Rekodi zote hazikuwa na majina. Ni namba tu, moja baada ya nyingine, ukurasa kwa ukurasa, kama mashine ilivyojitungia yenyewe, na hakuna aliyewahi kujali kuandika hii ni ya nani. Mali yote ya yadi ina jina, mali ya sauti haina. Ikabidi wafungue moja moja. Bei za maharage mnadani. Mahubiri. Kwaya. Mganga Mkuu na habari za vyandarua. Kasha linakwaruza, na kila faili inachukua muda wake kufunguka. Nje ngurumo ya kwanza ikapita.

Halafu Winifrida akaamkia, "Mwaramutse, akina mama wenzangu."

Hakuna aliyejitayarisha. Sauti ilitoka kwenye laptopu kana kwamba mwenyewe ameingia na kikapu. Marselino alishika ukingo wa meza.

"Ndiye, mzee? Basi ngoja niinakili kwanza, halafu—"

Marselino akainua kiganja. Hakumtazama. "Iache kwanza, mwanangu. Iache iseme kidogo."

Firdausi alikuwa na kidole juu ya kitufe. Kazi yake inamfundisha jambo moja kabla ya mengine yote: nakili kwanza. Lakini ukimwona mtu mzima analia wima bila kujifuta, kidole kitakubali? Akakiondoa. Winifrida akaendelea, taratibu, anawaambia akina mama kwamba mdudu wa maharage hana adabu, ukimwachia nafasi anakula hadi ya mbegu, na dawa yake si lazima ya duka. Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani. Marselino naye akacheka. "Ukishayaanika yakakauka vizuri," akasema Winifrida, "chukua..."

Taa zikazima. Betri ya akiba ikalia mara kadhaa kama kifaranga, ikanyamaza. Mvumo wa kasha la zamani ukashuka, ukashuka, ukaisha, na chumba kikawa na sauti ya mvua tu juu ya bati.

Firdausi hakuthubutu kugeuka.

"Majivu," Marselino akasema mwishowe. "Chukua majivu. Ndivyo alivyokuwa anasema."

Umeme ulirudi jioni. Kasha la zamani walilibonyeza, wakaliacha lipoe, wakalibonyeza tena. Lilikwaruza mara moja likanyamaza moja kwa moja. Firdausi alilala kwa jamaa zake pale mjini, na Jumapili yote hakwenda kokote, akijaribu hili na lile bila faida. "Ningeinakili kwanza," alikuwa akisema. "Mzee, ningeinakili tu." Marselino alimjibu kwamba si kosa lake, na hilo lilikuwa kweli, na halikumsaidia binti wala yeye.

Jumatatu asubuhi namba ikaingia kwenye simu kutoka Dar, kamili, na salamu juu. Firdausi akaiandika. Kasha jipya likakubali papo hapo, kwa utiifu kabisa, kama halikuwahi kukataa kitu. Akalipatia anwani. Likaonekana kwenye mtandao, safi, kubwa, lina nafasi ya kutosha Jumapili zote za dunia.

"Linataka na jina, mzee," akasema kwa sauti ndogo. "Jina la kuitwa kwenye mtandao. Nilipe lipi? Nikiandika Winifrida?"

Marselino alilitazama kasha na rangi yake nyekundu. Maisha yake yote hakuwahi kukosa jina la kukipa kitu.

"Ndani yake kuna nini?"

"Hakuna kitu bado, mzee. Ni tupu."

"Basi usilipe jina lake," akasema. "Lipe langu."